Historia ya unesi, sehemu ya 6: Beseni la maji kule Boston

1.
Mama, siku ya kuruhusiwa hospitali nesi anakupa maelekezo: pumzika, kula vizuri, kidonda kisilowe maji, dawa hizi kutwa mara tatu. Kwenye maelekezo yote hayo kuna neno moja ambalo hatulitamki: nyumbani. Sasa asiye na nyumbani anapumzikia wapi? Leo nawasimulia manesi wa Boston, Marekani, waliolibeba swali hilo mpaka likapata jibu.

2.
Mwaka 1969, mtaa wa Pine Street, lilifunguliwa bweni la wanaume waliokuwa wanalala barabarani. Wengi walikuwa walevi wa kupindukia. Likaitwa Pine Street Inn. Ukifika jioni unapata chakula na kitanda, asubuhi unatoka. Na asubuhi ya Boston wakati wa baridi sio mchezo, jamani. Theluji inaanguka, na vidole vya miguu vinaganda mpaka vinakufa.

3.
Hospitali walikuwa wanaiogopa. Unakaa kwenye benchi saa nyingi, watu wanakukwepa kwa sababu ya harufu, na ukichelewa kutoka unakosa kitanda cha usiku bwenini. Basi mwaka 1972 manesi wa Boston City Hospital wakaona tusiwasubiri, tuwafuate. Wakafungua kliniki humo humo bwenini. Iliendeshwa na manesi wenyewe.

4.
Mmoja wa manesi hao aliitwa Barbara McInnis. Huyu mwenzetu alikuwa pia anafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Katikati ya miaka ya 1980 TB sugu ilizuka kwenye mabweni ya Boston. Nyie mnajua TB: dawa ni za miezi, na ukiacha katikati ugonjwa unarudi na nguvu mpya. Mtu anayelala leo hapa kesho pale, dawa utampa vipi kama hakuamini na wala hakutafuti?

5.
Mwaka 1985 akaletwa daktari kijana, Jim O'Connell, ametoka kumaliza mafunzo Harvard. Ulikuwa mpango mpya wa matibabu kwa wasio na makazi, na alikubali kufanya kazi mwaka mmoja tu. Alipoingia kliniki, McInnis akamwambia aweke pembeni kifaa chake cha kusikilizia moyo. Akampa beseni. Kazi yako, daktari, ni kuosha miguu.

6.
Unadhani alikuwa anamdhalilisha? Hapana. Mtu anayetembea kutwa nzima, shida yake ya kwanza ni miguu. Halafu angalia mkao: mgonjwa amekaa juu kwenye kiti, daktari amepiga magoti chini. Hakuna maswali, hakuna kufokewa. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hospitalini alikuwa akikataa matibabu kila mara. Aliloweka miguu wiki kadhaa bila kusema kitu. Siku moja akamuuliza O'Connell: wewe si daktari, mbona unaosha miguu? Mazungumzo yakaanzia hapo, na baadaye akakubali dawa. Na yule daktari wa mwaka mmoja akabaki miongo kadhaa.

7.
Lakini maji ya beseni hayamalizi kila kitu. Kuna mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji, au anayetoka kwenye nimonia. Hospitali inasema amepona vya kutosha kuondoka. Barabara inasema bado ni mgonjwa sana. Kwa hiyo mwaka huo huo wa 1985 walianzisha vitanda 25 vya kupumzikia, vyenye manesi wa kusafisha vidonda na kusimamia dawa. Mwaka 1993 ikapatikana nyumba kamili, ikaitwa Barbara McInnis House, mwenyewe akiwa bado hai. Alifariki 2003. Tangu 2008 nyumba hiyo ina vitanda zaidi ya 100, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa mochwari ya mji. Yaani pale walipokuwa wanapelekwa wakishakufa, sasa wanakwenda kupona.

8.
Pine Street Inn nao walijifunza. Kitanda cha usiku mmoja kinakuvusha usiku mmoja tu. Wakaanza kutafuta vyumba vya kudumu, vyenye mlango na ufunguo wako. Leo wanahudumia watu wengi zaidi kwenye nyumba kuliko kwenye vitanda vya bweni.

9.
Kwa nini nawaambia haya nyie kina mama? Kwa sababu kuna dada mmoja wodini kwetu alijifungua salama, nikamwandikia ruhusa, nikamuuliza nani anakuja kukuchukua. Akasema wanakuja. Jioni nikamkuta nje ya geti amekaa na mtoto kwenye khanga. Hakukuwa na mtu wa kuja. Mimi niliuliza swali jepesi, naye akanipa jibu jepesi.

10.
Siku hizi nauliza hivi: leo usiku utalala wapi, na nani atakupikia uji? Na wewe mama, kama umefukuzwa, kama chumba kimefungwa kwa sababu ya kodi, usione aibu. Mwambie nesi kabla hujatoka geti, umwombe akuitie ofisa ustawi wa jamii. Hatuwezi kila kitu, ila ukinyamaza hatuwezi chochote.

Sehemu ya 7 Jumapili. Kama jirani yako ana mimba na hana pa kukaa, mpelekee hii leo.