Korea haina mfalme, lakini warithi wamejitokeza watatu

Kama wewe ni mtu wa drama za Kikorea, umezoea fitina za kiti cha enzi. Sasa skiza hii ya ukweli. Ukoo wa Yi ulitawala Korea kuanzia 1392 hadi 1910, Japani ilipoinyakua nchi. Kiti kiliisha hapo. Kugombaniwa hakukuisha.

Japani iliposhindwa vitani 1945, si wangerudi tu ikulu? Wapi! Tayari 1919, Wakorea waliokuwa uhamishoni Shanghai walikuwa wameamua nchi yao itakuwa jamhuri. Korea Kusini ikashika njia hiyo 1948, na mali ya kifalme ikawa ya serikali.

Mambo yalichemka 2005. Yi Ku, mjukuu wa mfalme Gojong na msanifu majengo aliyesomea Marekani, alifariki kwenye hoteli Tokyo. Hakuacha mtoto wa kuzaa. Chama cha ukoo kikamchagua Yi Won, mtu wa ofisi tu, awe mrithi. Mwaka uliofuata, jamaa wengine wakamtawaza shangazi yake, Yi Hae-won, nyanya wa miaka 87, ndani ya hoteli Seoul. Halafu 2018, baba yake mdogo, Yi Seok, aliyewahi kuwa mwimbaji, akamteua Andrew Lee, tajiri wa mambo ya intaneti kule Marekani, awe mrithi wake. Yaani hii ni vita ya familia moja, na serikali haimtambui yeyote kama mtawala.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini hawa ni watu walioporwa na mkoloni, kisha nchi yao ikasonga mbele bila wao. Jina ndilo walilobaki nalo. Uchungu huo naelewa. Ninachokataa ni kudhani damu pekee inakupa haki ya kutawala watu ambao hawajakuita.

Kama kuna urithi hapo, mimi nauona Jongmyo, hekalu la mababu pale Seoul. Kila Mei ibada ya wafalme wa zamani hufanyika huko, na Yi Won huiongoza. Hiyo ni kazi, na haihitaji taji.

Na ikulu yenyewe, Gyeongbokgung? Iko wazi kwa umma. Ukivaa hanbok, lile vazi lao la asili, unaingia bure, hata kama wewe umetoka Kayole.