Walioitikia Sasa Wanaanzisha

Jamani, mpenzi wa dabstepu akiniuliza besi nzito ya ngoma za mkono ipo wapi, mimi humwelekeza Bagamoyo. Mwaka 2002 Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma aliyehamia huko, alitoa albamu ya Assembly na Michael Brook wa Kanada: sauti yake na ilimba vikikutana na mitambo. Akafariki mwaka uliofuata. Wanawake wa ukoo wake, kwa miaka mingi, walikuwa waitikiaji tu. Lakini muheme, ngoma inayobanwa mapajani, kwa Wagogo ni ya wanawake! Mwaka 2024 bintiye Pendo na mjukuu Leah, The Zawose Queens, wakatoa Maisha. Mitambo ipo, ila wao ndio wanaoanzisha wimbo.