KATA PUA UUNGE WAJIHI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Wazee wetu wa pwani walituachia methali fupi: Kata pua uunge wajihi. Walikusudia kwamba mtu huweza kuikubali hasara ya kiungo ili aiokoe heshima yake. Hawakujua, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba utafika wakati methali hiyo ifanywe kwa kisu hasa, hospitalini, kwa miadi na kwa malipo.

Mwezi wa Rajabu uliopita alinijia hapa Mabatini, Mwanza, binti mmoja niliyemsomesha chuoni tangu juzuu ya Amma. Sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake. Aliniamkia, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Maalim, nataka kwenda Istanbul kufanyiwa operesheni ya pua. Fedha ninazo. Nimekuja kukuuliza mambo mawili. Kwanza, ni haramu? Pili, nitasali vipi na plasta imenifunika uso?"

Nikamwuliza, "Pua yako ina maradhi gani, mwanangu?"

Akasema, "Haina maradhi, Maalim. Ni bapa."

Nikanyamaza, kwa kuwa nilikumbuka jambo. Kila Mfungo Sita huwasomea wanafunzi sifa za umbo la Mtume (s.a.w.) kama alivyozikusanya Imam Tirmidhi katika Shamail. Humo imetajwa pua yake tukufu, kwamba ilikuwa na mwinuko. Nami nimezoea kuwafasiria watoto kwa neno letu la pwani, pua ya upanga. Mwaka mmoja mtoto wa kiume alicheka akamgeukia binti huyu, na darasa zima likamgeukia. Mimi nikaendelea kusoma. Sikumkanya aliyecheka.

Nilimwomba binti anipe siku tatu nirudi vitabuni. Niliyoyakuta nayaandika hapa, kwani habari ya pua na kisu ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na ndani yake mna sharia na mna tiba.

Kwa Waarabu wa kale pua ilikuwa ndiyo makao ya heshima ya mtu, na aliyetaka kumdhalilisha adui yake alimkata pua, akiwa hai au akiwa maiti. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), mashahidi wa Kiislamu walikatwa pua na masikio, na Sayyidna Hamza (r.a.) alikuwa miongoni mwao. Mtume (s.a.w.) akakataza kabisa kuwakatakata maiti. Na Kurani, katika Suratul Maida aya ya 45, inapotaja kisasi cha jicho na sikio na jino, inaitaja na pua kwa jina lake.

Sahaba Arfaja bin Asad (r.a.) alikatwa pua siku ya Kulab, vita vya zama za Jahilia, kabla ya kusilimu kwake. Akajifanyizia pua ya fedha, fedha ile ya mapambo. Haikumfaa, ilitoa uvundo. Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai.

Wanafunzi wetu huisoma hadithi hii kwa ajili ya hukumu tu, kwamba dhahabu iliyo haramu kwa wanaume huhalalika penye dharura, na hapo ndipo wanazuoni walipopata ruhusa ya kufunga meno kwa dhahabu. Lakini itazameni kwa jicho la tabibu. Pua ya kwanza ilikuwa na umbo, ila mwili haukupatana nayo. Fedha hushikwa na weusi kwa jasho na unyevu, na ndani ya pua hapakauki hata siku moja. Dhahabu haishikwi. Basi ilipozuka taabu, Mtume (s.a.w.) hakumwambia sahaba wake avumilie uvundo ule kuwa ni kadari, wala hakumwambia aitupe pua akae na tundu usoni. Alimbadilishia kitu chenyewe. Arfaja alirudishiwa kilichopotea, wala hakuongezewa chochote juu ya umbo aliloumbwa nalo.

Baada yake wakaja matabibu wetu. Abul Kasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha At-Tasrif, na katika juzuu yake ya mwisho, inayohusu upasuaji, aliweka mlango wa kushona pua, mdomo na sikio vilivyopasuka. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini na Wazungu wakakisoma kwa karne nyingi.

Hata hivyo kazi ya kuumba pua upya haikuwa yetu, na haki ya mtu apewe mwenyewe. Ilikuwa ya Wahindi. Tangu kale, katika maandiko ya tabibu wao Sushruta, walijua kuunga pua kwa ngozi ya shavu, na baadaye kwa ngozi ya paji la uso. Kisa kilichowazindua Wazungu kilichapishwa London, Oktoba 1794, katika jarida liitwalo Gentleman's Magazine. Mtu mmoja jina lake Cowasjee alikuwa akiendesha ng'ombe wa mizigo wa jeshi la Waingereza. Katika vita vya 1792 alitekwa na askari wa Tipu Sultan, wakamkata pua na mkono. (Tipu Sultan alikuwa Mwislamu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Aliyekata alikuwa wa upande wetu, na aliyeunga alikuwa Baniani wa kabila la wafinyanzi.) Cowasjee akakaa kiasi cha mwaka mzima bila pua, kisha akaenda kwa fundi huyo karibu na Poona, mbele ya madaktari wawili wa Kiingereza waliosimama wakitazama.

Fundi alifinyanga nta nyembamba juu ya kigutu cha pua, akaibandua, akaitandaza kwenye paji la uso na kuchora mstari kuizunguka. Akaichuna ngozi iliyo ndani ya mstari, lakini akabakisha kipande kidogo katikati ya macho kisikatwe, ili damu iendelee kupita. Akaigeuza ngozi ile ikashuka mahali pa pua. Dawa ya kugandisha ilikuwa katu, katu hii hii wanayotia mabibi zetu katika tambuu, iliyolainishwa kwa maji na kupakwa juu ya vitambaa vitano au sita vilivyopandana. Haikuguswa siku nne. Kisha vikawekwa vitambaa vilivyochovywa samli. Mgonjwa alilala chali siku tano au sita. Siku ya kumi akatiwa vitambaa laini puani ili matundu yasizibe. Na kile kipande cha katikati ya macho kilikatwa siku ya 25 hivi, ngozi ilipokwisha kushika.

Nimeyaeleza kwa urefu kusudi. Fundi yule hakuwa na nusukaputi wala darubini, lakini alijua kwamba kukata ni kazi ya saa moja na kupona ni kazi ya siku nyingi, na kwamba pua ipendezayo kwa nje na kuziba kwa ndani si pua. Daktari Joseph Carpue wa London alipoisoma habari hii alijizoeza kwa miaka juu ya maiti kabla hajathubutu kumgusa aliye hai, mwaka 1814.

Hadi hapo wote waliopasuliwa walikuwa wamepotelewa na kitu, kwa upanga au kwa maradhi. Mambo yaligeuka mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1887 daktari John Roe wa Rochester, Marekani, alieleza namna ya kurekebisha pua kwa kupitia ndani bila kuacha kovu nje. Mwaka 1898, mjini Berlin, daktari Jacques Joseph alimpunguza pua kijana mmoja ambaye pua yake ilikuwa nzima, inavuta pumzi na kunusa, ila ilikuwa kubwa naye akiona haya kutoka mbele za watu. Joseph alikuwa Myahudi, na wengi waliomjia walikuwa Mayahudi waliochoka kutambuliwa barabarani na kudhihakiwa. Tangu siku hizo kisu cha pua kikaanza kutibu jeraha la ulimi wa jirani.

Vita Vikuu viliirudisha kazi hiyo kwa majeruhi. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alitibu askari zaidi ya 5,000 walioharibika nyuso katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa 1917. Jamaa yake Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua katika vita vya pili. Mwanafunzi wa McIndoe alikuwa Michael Wood, aliyekuja kufanya kazi huku kwetu, na hao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref. Kwa hiyo elimu hii ilipofika Kilimanjaro na kandokando ya Ziwa ilikuja kwa ajili ya walioungua moto na watoto wenye midomo sungura.

Sasa nirudi kwa binti yangu na Istanbul yake. Nilimweleza niliyoyapata kwa madaktari na vitabuni. Pua kubwa hupunguzwa, lakini pua bapa aghalabu huongezwa mgongo, na hapo swali la Arfaja linarudi: utatia kitu gani? Wengine hutia silikoni, ambayo huweza kuingia usaha au kutoboa ngozi na kutokeza nje, pengine baada ya miaka. Wengine huchukua gegedu la mgonjwa mwenyewe, la sikio au la ubavu, ambalo mwili hulikubali zaidi, ila nalo huweza kupinda, na jeraha huwa mawili. Kuna wanaodunga sindano ya kujaza bila kupasua na kuiita kazi nyepesi. Dawa ile ikiingia ndani ya mshipa wa damu huua ngozi ya pua, na imekwisha kuwapofusha watu.

Aliyepasuliwa hukaa na plasta ngumu kiasi cha wiki moja. Macho huvilia damu wiki moja au mbili. Damu huweza kutoka siku ya kwanza, na huweza kurudi katika wiki ya pili, wakati msafiri amekwisha kurejea kwao na aliyemkata yuko ng'ambo ya bahari. Ncha ya pua hubaki na uvimbe hata mwaka mzima, na kwa ngozi nene kama zetu hupita mwaka, kwa hiyo anayejitazama kwenye kioo mwezi wa pili hajaiona bado pua aliyoinunua. Ukuta wa katikati huweza kutoboka. Pumzi huweza kuwa nzito kuliko awali. Penye mkato karibu na matundu kovu huweza kutuna, na ngozi nyeusi ina maumbile hayo zaidi. Madaktari wengi husema kwamba katika watu 100, kati ya 5 na 15 hurudi kupasuliwa tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kuhusu sala, jibu lilikuwa jepesi kwa upande mmoja na zito kwa upande wa pili. Kupandisha maji puani ni sunna katika madhehebu yetu ya Shafi, kukiacha kwa jeraha hakuharibu udhu. Kugusisha pua chini katika sijida nako ni sunna, fardhi ni paji la uso, na daktari akimkataza kuinama atasali kwa kuashiria. Lakini plasta imekaa usoni. Ataosha palipo wazi, atapaka maji juu ya plasta, na atatayamamu. Na wafafanuzi wa matini ya Abu Shujaa wamesema kwamba bandiko likiwa juu ya kiungo cha tayamamu, nao ni uso na mikono, sala zile hurudiwa baada ya kupona. Madhehebu mengine hayamlazimishi kurudia.

Ama uhalali, Majmaa ya Fiqhi ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu ilikutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, ikaruhusu kutengeneza kilichoharibika, na kasoro za kuzaliwa kama mdomo sungura na pua iliyopinda sana, na hata ubaya wa umbo unaomwumiza mtu nafsi yake. Ikakataza kugeuza umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio na kuiga wengine. Hapo msingi ni ile hadithi ya Ibn Masud (r.a.) juu ya wanaogeuza maumbile kwa ajili ya uzuri.

Binti akadaka neno. "Maalim, wamesema unaomwumiza nafsi. Mimi unaniuma."

Nikamwambia najua unamwuma, lakini pua bapa si ubaya wa umbo. Nikamfungulia tafsiri ya Ibn Kathir penye Sura ya 31, ambamo imepokewa kwa Jabir bin Abdillah (r.a.) kwamba Lukmani alikuwa mfupi, mwenye pua bapa, kutoka Nuba. Mwenyezi Mungu alimpa hikima na akaiita sura kwa jina lake.

Akaisoma mwenyewe, pole pole, kwani Kiarabu nimemfundisha mimi. Kisha akainua uso. "Maalim, hii ulikuwa unaijua siku ile chuoni?"

Nilikuwa naijua. Nikamwomba radhi, naye akasamehe, ingawa hakuniambia ameamua nini juu ya safari.

Alipokuwa akivaa viatu nilimwuliza ni nani aliyemtia fikira hii, maana kicheko cha mtoto mmoja wa chuoni hakifikishi mtu Istanbul. Akasema mwaka juzi alichumbiwa, na shangazi yake alipoletewa picha ya wachumba wawili alisema mbele ya wageni kwamba mwanamume ana pua ya upanga, Mungu awanusuru watoto wasifuate kwa mama. Shangazi huyo anakaa pwani, na najua kwamba jarida hili hufika nyumbani kwake.