Sehemu ya 3: Uani, mchanga na ghorofa la maboksi



Dada mmoja wa hapa Kariakoo kanitumia ujumbe. Tangu lile ghorofa lianguke tarehe 16 Novemba 2024, mwanawe wa miaka mitano anapanga maboksi ya viatu, anayabomoa, anafukia midoli chini yake. Wiki ya pili sasa. "Nesi, nimchape aache?"

Usimchape, dada yangu. Ila ili unielewe, inabidi turudi nyuma miaka mia na kidogo.

Jina Kariakoo lenyewe limetoka vitani. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, hapa waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Wengi wa wapagazi wale hawakurudi makwao. Maradhi na njaa viliua kuliko risasi.

Vita hiyohiyo ilivuruga Ulaya. Ilipoisha, daktari mmoja wa Uingereza, Margaret Lowenfeld, alikwenda kuhudumu Poland. Akawaona watoto waliopitia mabaya yaleyale, lakini wengine wamezima kabisa na wengine wanachangamka. Kwa nini? Swali halikumtoka. Mwaka 1928 akafungua kliniki ya watoto London. Ndani aliweka trei ya mchanga, maji, na sanduku la vitu vidogovidogo: nyumba, watu, wanyama. Watoto wenyewe wakaliita sanduku la maajabu. Hakuwahoji sana, maana mtoto wa miaka mitano atakueleza nini kuhusu hofu? Maneno hayo hana. Alimwachia mchanga, akaangalia anajenga nini. Mwaka 1947 Mmarekani Virginia Axline akaandika kitabu kuhusu tiba hii ya michezo, akasisitiza kwamba mtoto ndiye anaongoza, mtu mzima anafuata.

Mimi nikisoma haya huwa nacheka kidogo. Mchanga na vitu vidogovidogo? Si ndiyo uani kwa bibi! Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, nyuma ua wa familia zote. Watoto walipika udongo kwenye vifuu, wakacheza baba na mama, wakafanya msiba wa mdoli na kilio juu. Jioni rede, mdako, kombolela. Sisemi uani ulikuwa kliniki, na tusipambe zamani: wako waliochapwa na kunyamazishwa humohumo. Lakini nafasi ilikuwepo, na mtu mzima wa kutupia jicho hakukosekana.

Kisha nyumba zile zikaanza kubomolewa moja moja, hasa kuanzia miaka ya 1990. Maghorofa yakapanda, chini duka, juu stoo na wapangaji. Uani ukaondoka nazo. Kiwanja kikubwa kilichobaki karibu ni Mnazi Mmoja, ambacho mkoloni alikiacha wazi ili kuwatenga watu wa Uhindini na sisi wa huku.

Na kucheza si hisani. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, imeweka haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi na matibabu.

Sasa turudi kwa wa maboksi. Siku ile hakuamua chochote. Kwenye mchezo yeye ndiye anaamua ghorofa lianguke saa ngapi. Kaa naye chini dakika kumi na tano, simu iwe mbali. Sema unachokiona tu: "Naona nyumba imeanguka." Usikimbilie kumwokoa mdoli, subiri akuombe. Mara nyingi mchezo hubadilika wenyewe, utaona siku moja gari la wagonjwa limefika, mtu katolewa.

Lakini ukipita mwezi na mchezo ni uleule, au anashtuka usingizini, amerudia kukojoa kitandani, hataki kula, anaganda mkipita karibu na jengo, mpeleke kituo cha afya na ueleze hayo yote, wakupe rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Muhimbili wapo. Usisubiri aseme mwenyewe.

Dada wa maboksi, Jumamosi niambie kafikia wapi. Sehemu ya 4 ni ya wenye watoto chini ya mwaka mmoja: mchezo wa kujificha uso kwa kanga, na kwa nini mtoto hachoki nao.