Marika ya Wazulu na Kikosi cha 24

Mfalme Cetshwayo wa Wazulu alipowaaga wapiganaji wake kwenda kupigana na Waingereza Januari 1879, aliwakataza mambo mawili: wasimshambulie adui aliyejijengea ngome, na wasivuke mto Mzinyathi kuingia koloni la Waingereza la Natal. Tarehe 22, saa chache tu baada ya Wazulu kuwashinda Waingereza huko Isandlwana, watu kati ya 3,000 na 4,000 wakayafanya yote mawili kwa mpigo. Walivuka hadi kituo cha Waingereza cha Rorke's Drift, wakapambana hadi usiku wa manane na Waingereza wapatao 150 waliojikinga kwa magunia ya mahindi na makasha ya biskuti. Waliacha maiti zaidi ya 350.

Lawama hutupiwa Dabulamanzi, nduguye mfalme, aliyewaongoza. Mimi nayalaumu malezi. Vijana wa Kizulu wa umri mmoja walitiwa rika moja, wakakaa kambi moja, na hawakuoa mpaka mfalme aliporidhia. Kabla ya vita mfalme aliyaita marika mawili mawili yatambiane mbele yake. iNgobamakhosi na uKhandempemvu wakawekeana dau nani atatangulia kumchoma Mzungu. Uhasama huo wa kindugu ulipaliliwa makusudi, na Isandlwana ulizaa matunda. Ila waliokwenda Rorke's Drift walikuwa wa akiba, wengi wao watu wazima wenye wake zao, ambao siku ile hawakuambulia kitu. Wangerudi nyumbani na masimulizi gani? Walirudi wameshindwa, wakachekwa vilevile. Pupa hiyo ilijirudia Machi: kwenye kambi ya Waingereza ya Khambula, iNgobamakhosi walichokozwa na wapanda farasi wachache, wakachomoka kabla wenzao hawajajipanga.

Upande wa Waingereza, askari wa Kikosi cha 24, kilichoangamizwa Isandlwana, alilelewa kwa gwaride na kufyatua bunduki kwa amri. Utani na vikosi vingine ulikuwapo, lakini fahari yake ilikuwa kwa waliomtangulia kikosini na kwa bendera waliyoipigania. Luteni Melvill alitoroka Isandlwana juu ya farasi, amekumbatia bendera na mlingoti wake, hata mto ukampokonya. Yeye na mwenzake, Luteni Coghill, waliuawa ukingo wa pili. Kwa hesabu ya vita ule ulikuwa mzigo mtupu, lakini mwaka 1907 wote wawili walitunukiwa nishani ya Victoria Cross.

Mapenzi hayo kwa wafu yana upande wake mchungu. Usiku wa Januari 22 jeshi la Jenerali Chelmsford, kamanda wa Waingereza, lililala Isandlwana katikati ya maiti zilizopasuliwa matumbo. Kwa Mzulu kumpasua adui aliyemuua ulikuwa wajibu, ili roho ya marehemu itoke isimwandame aliyemuua. Waingereza waliuona unyama. Asubuhi walipofika Rorke's Drift, majeruhi wengi wa Kizulu waliuawa pale pale walipolala. Khambula nako Wazulu waliokimbia waliwindwa hadi giza lilipoingia.

Kwa hiyo sikubali kwamba upande mmoja ulikuwa na nidhamu na mwingine ushujaa mtupu. Mzulu alijipima na rika la jirani, na kosa lake likawa pupa. Mwingereza alijipima na wafu wake, na kosa lake likawa kisasi. Washindi walijua vizuri nguvu ya Wazulu ilitoka wapi. Septemba 1879, baada ya Wazulu kushindwa katika pigano la Ulundi, jenerali wa Kiingereza Wolseley aliwaapisha machifu 13 kwamba wataufuta mfumo wa marika ya kijeshi, na kila mwanamume aoe anapotaka. Kikosi cha 24 kilibaki na bendera yake, iliyookotwa mtoni Februari, na mwaka uliofuata Malkia Victoria aliivika shada la maua kwa mkono wake.