Manowari Iliyoitwa Zanzibar

Wasikilizaji wetu, huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mvuvi asiye na chombo humwendea jirani akaazima ngalawa. Akiisha kupata riziki yake, chombo hurudi kwa mwenyewe. Leo twataka kueleza jinsi mataifa makubwa nayo yalivyoazimana vyombo vya vita, na jinsi kimoja kilivyopewa jina la nchi yetu.

Katika Vita Kuu ya Pili, manowari za Kijerumani ziendazo chini ya maji zilizamisha meli nyingi zilizowachukulia Waingereza chakula na mafuta. Dawa yake ilikuwa meli kwenda kwa msafara, zikisindikizwa na manowari ndogo za ulinzi. Waingereza hawakuwa nazo za kutosha. Basi mwezi wa Machi 1941 Marekani ilitunga sheria ya kuwaazima rafiki zake silaha na vyombo.

Kwa sheria hiyo manowari 21 za namna moja ziliundwa na Walsh-Kaiser mjini Providence, Rhode Island. Urefu wa kila moja ulikuwa futi 304, na mitambo yake ya mvuke ilikuwa ya namna nyepesi, ili ziundwe upesi. Zikapewa majina ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, kama Seychelles, Somaliland na Nyasaland. Ile iliyokusudiwa kuitwa Prowse ikaitwa Zanzibar, ikaanza kazi mwaka 1944.

Je, misafara hiyo yatuhusu nini? Tarehe 12 Februari mwaka uo huo, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ndani yake walikuwamo askari wengi wa Afrika Mashariki. Msafara ule wa meli tano ulikuwa na walinzi watatu tu. Ilizama kwa dakika chache, wakafa watu zaidi ya 1,200.

Vita vilipokwisha, Zanzibar ilirudishwa Marekani mwaka 1946, kisha ikavunjwa. Dawa ya deni ni kulipa. Manowari ile haikuwa yetu. Jina tu ndilo letu. Lakini askari wale walikuwa ndugu zetu hasa, nao hawakurudishwa. Basi mkitazama bahari kutoka Paje, wakumbukeni hao kwanza.

Kwaherini.