Nukta zinatoka wapi? Historia ya majina ya kolone katika R

Wandugu, kila kipindi cha memwari swali linarudi: « Katika Excel niliandika Rendement (kg/ha), mbona R inanionyesha Rendement..kg.ha.? » Wengine wanafikiri ni virusi. Hapana. Ile nukta iko na historia, tena inaanza mbele ya sisi kuzaliwa.

Twende Marekani, 1976. Katika maabara ya Bell, John Chambers na wenzake walianza kutengeneza lugha ya takwimu, wakaiita S. Kwa kuweka thamani ndani ya jina walitumia mshale, <-. Mashine za kuandikia za wakati ule, kama Teletype 33, zilikuwa na mshale wa kushoto kwenye kitufe kimoja tu. Lakini kanuni ya ASCII ilikuwa imeshabadilisha alama hiyo: pale palipokuwa mshale pakawa kistari cha chini, _. S ikakiachia kistari kazi ya mshale. Kwa hiyo ukiandika urefu_mmea, mashine inasikia « chukua mmea, weka ndani ya urefu ». Watu wakafanya nini? Wakaandika urefu.mmea.

R ikarithi. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, na toleo 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Mwaka 2003 kistari kilinyang'anywa kazi ya mshale, na 2004 kikaruhusiwa ndani ya majina. Lakini desturi ilikuwa imeshika. Fungua iris, yale maua 150 yanayofundishiwa kila mahali: Sepal.Length, Petal.Width. Data ni za Edgar Anderson, na Fisher alizitumia mwaka 1936. Ni Fisher yule yule wa ANOVA, aliyefanya kazi kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, toka 1919 mpaka 1933 (siye watu wa agronomi tuko na haki ya kujivuna kidogo). Nukta si zake wala si za Anderson, ni za desturi ya S.

Mpaka leo read.csv ikikuta nafasi, mabano au mkwaju katika jina, inaweka nukta. Njo maana tunalazimika kubadilisha majina, na hapo njo hatari iko.

Njia ya kizee ni hii: names(shamba)[3] <- "mavuno". Hiyo 3 ni nafasi tu. Tuseme kolone zako ni parseli, urefu, rendement. Promota anakuomba uongeze bloku mbele. Sasa ya tatu ni urefu, na inabatizwa « mavuno ». R inanyamaza. ANOVA inatoka na nyota zake, na wewe unamshauri mkulima apande mbegu ndefu ukifikiri ndiyo inayozaa.

Hadley Wickham, naye wa New Zealand, alileta njia ya kuita kolone kwa jina. Katika plyr jina la zamani linatangulia: rename(shamba, c("Rendement..kg.ha." = "mavuno")). Katika dplyr, iliyotoka 2014, aligeuza: rename(shamba, mavuno = Rendement..kg.ha.). Ukisoma silabusi ya zamani huku umefungua dplyr, utachanganyikiwa, juu neno rename ni lile lile. Tena plyr ikikosa kolone inakuambia tu, kisha inaendelea. dplyr inakataa na kusimama. Mimi nachagua ile inayokataa, hata kama inaudhi saa sita za usiku.

Mstari wa rename uuweke juu kabisa ya skripti, na kipimo ukiandike pembeni, kwenye tablo ingine. Kolone ikiitwa « mavuno » peke yake, mwaka kesho mwenye kuchukua data zako hatajua kama ni kilo kwa hektari ao kilo kwa parseli.